Kwa nini kisahani kinakwenda kushoto

Mara tatu mfululizo, tukicheza gofu ya visahani, kisahani cha shemeji yangu kilitoka mkononi kimenyooka, kikaenda kama mita 30, kikakata kona kushoto kama teksi iliyoona abiria, kikagonga kichuguu. Mara ya nne alivua viatu. Mara ya tano alinirudishia kisahani, akapangusa mikono kwenye suruali na kusema, "Hii kintu iko na bulozi."

Nilicheka, lakini lalamiko lake lina haki. Mtu aliyekua akipiga mpira na kutungua maembe kwa mawe anategemea kitu alichokielekeza mbele kiende mbele. Kisahani kina desturi zake, na asiyezijua atacheza mwaka mzima akilaumu mkono, upepo, viatu au majirani. Makala haya ni ya kufungua fundo hilo. (Wasomaji wa Lubumbashi, ambako makala ni mkaa: nimesema makala ya kusoma, si ya mbabula, lile jiko la mkaa.)

Tuanze na jina. Ukimwambia dereva wa teksi mjini hapa, Lubumbashi, kwamba unakwenda "golf", atakupeleka mtaa wa Golf na kukutoza nauli kwa kuangalia ukubwa wa mageti ya huko. Gofu ya visahani haihitaji mageti. Imechukua kanuni moja tu kutoka kwa ile gofu ya mpira: anzia hapa, fika pale kwa mirusho michache kadiri unavyoweza. Unarusha kisahani cha plastiki kwa mkono, unakifuata kilipotua, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kitulie ndani ya kikapu cha chuma kilichosimama juu ya nguzo, na minyororo ikining'inia juu yake. Uwanja wa kawaida una vikapu 18. Wetu una 9, kwenye shamba la baba mdogo kando ya barabara ya Kipushi, kwa hiyo tunauzunguka mara mbili.

Wala usikichanganye na kisahani cha riadha, kile cha Olimpiki ambacho kwa wanaume kina uzito wa kilo 2. Hiki chetu kina upana wa sentimita 21 hivi, sawa na kisosi kikubwa. Sheria inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana, na kwa vyovyote kisizidi gramu 200. Piga hesabu utaona kwa nini visahani vingi vya kurusha mbali vinaishia kwenye gramu 175.

Mchezo wenyewe umetoka mbali kuliko plastiki. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth nchini Kanada, watoto wa shule walikuwa wakirusha vifuniko vya makopo kwenye duara walizochora chini, wakihesabu mirusho. Mtoto yeyote wa Katuba au Kenya (mitaa ya mji wetu, si nchi) aliyewahi kurusha kifuniko cha ndoo ya rangi anaujua mchezo huo, ila hakuwahi kuandika hesabu. Aliyeupa sura tunayoijua ni Mmarekani Ed Headrick, mfanyakazi wa kampuni ya Wham-O iliyokuwa ikiuza visahani vya kuchezea. Mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California. Mwaka 1976 akaanzisha PDGA, chama kinachosimamia sheria za mchezo mpaka leo. Na mwaka 1977 akapata hataza ya kikapu chenye minyororo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki yakatengenezewa visahani, kama alivyoagiza. Nilipomsimulia baba mdogo habari hiyo alinyamaza kidogo, akauliza kama watoto wa marehemu walishirikishwa.

Lakini kwa swali la shemeji, mtu wa maana zaidi ni mwingine: Dave Dunipace. Mwaka 1983 yeye na wenzake wa kampuni ya Innova walitoa kisahani ambacho ukingo wake haukuwa mviringo mnene kama wa sahani ya bati, bali ulichongwa ukawa mwembamba kwa nje. Ukingo huo hupasua hewa, na uzito mwingi umekaa pembeni, kwa hiyo kisahani huzunguka kwa muda mrefu. Umbali ukaongezeka sana. Na tabia ya kukata kona ikawa kali zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini. Chukua gurudumu la baiskeli lililofunguliwa, lishike kwa ekseli kwa mikono miwili, mwambie mtoto alizungushe kwa nguvu. Jaribu kuliinamisha. Halitii. Linapinda kuelekea upande ambao hukuuomba, na mikono yako itashtuka. Ndivyo vilivyo vitu vyote vinavyozunguka kwa kasi: ukivisukuma mahali fulani, jibu linatokea robo mzunguko mbele ya pale uliposukuma.

Kisahani kinachorushwa na mtu wa mkono wa kulia kwa mtindo wa kawaida, ule wa kupitisha mkono mbele ya kifua kama anayechomoa panga alani, kinazunguka kama mishale ya saa ukikitazama kutoka juu. Kikiwa bado na kasi kubwa, hewa inakibeba zaidi nyuma kidogo ya kitovu. Ni kama mtu amekitia kidole chini ya mkia na kukiinua. Lakini kisahani kinazunguka, kwa hiyo hakiinuki mkia: jibu linakuja robo mzunguko mbele, upande wa kushoto. Upande wa kushoto unapanda, kisahani kinalala kulia, kinaelekea kulia.

Kisha kasi inapungua. Kisahani kinaanza kuzama, hewa inakipiga kutoka chini na mbele, na mahali pa kubebwa panahama kwenda mbele ya kitovu. Sasa kidole kiko chini ya pua. Jibu linatokea robo mzunguko mbele, yaani kulia. Upande wa kulia unapanda, kisahani kinalala kushoto, na kushoto ndiko kinakokwenda mpaka chini.

Safari moja, kona mbili: kulia kikiwa na mbio, kushoto kikichoka. Ile ya kulia unaweza kuikosa kabisa usipokuwa na mkono wa kutosha. Ile ya kushoto karibu kila kisahani kitaipata, kwa sababu hakuna kisichochoka.

Mwenye mkono wa kushoto ageuze kila nilichosema. Vilevile anayerusha kwa mtindo wa ubavuni, kama watoto wanavyorusha jiwe bapa lirukeruke juu ya maji: mkono ni wa kulia, lakini mzunguko ni wa upande wa pili, kwa hiyo kisahani kitamalizia kulia. Wachezaji wazuri wana mitindo yote miwili, si kwa kujionyesha. Njia ikikunja kushoto wanachomoa panga, ikikunja kulia wanarusha jiwe la maji.

Turudi kwa shemeji. Kosa lake halikuwa mkono. Alichagua kisahani kama watu wanavyochagua pikipiki: akauliza kipi kina mbio zaidi.

Binamu yetu aliyesoma Ufini, nchi ambayo uwanja wa visahani ni kitu cha kawaida kama uwanja wa mpira wa mtaani hapa kwetu, alirudi na begi la visahani 12. Vingi vimeandikwa namba nne juu, utaratibu ulioenezwa na Innova na kuigwa na wengine. Namba ya kwanza ni kasi, kuanzia 1 hadi 14 au zaidi kidogo. Ya pili ni jinsi kinavyoelea, 1 hadi 7. Ya tatu ni ile kona ya kulia, na inaandikwa kwa hasi: 0 maana yake hakikunji, -5 maana yake kinalala kulia kwelikweli. Ya nne ni kona ya kushoto ya mwishoni, 0 hadi 5.

Shemeji alichukua kile kiitwacho Destroyer. Namba zake ni 12, 5, -1, 3. Akaona 12, akaridhika.

Hapo ndipo wengi wanapotea, nami nilipotea humohumo. Mtu akisoma 12 anadhani ni zawadi anayopewa na kiwanda. Ile 12 ni deni. Kisahani kinakudai ukitoe mkononi kwa kasi hiyo, ndipo namba tatu zinazofuata ziwe kweli. Usipolipa, ile -1 ya kulia haitokei kabisa, kuelea kunapungua, na kinachobaki mkononi mwako ni ile 3 ya mwisho. Kisahani kinatoka tayari kimechoka. Kinaanza safari pale ambapo kwa bingwa kingekuwa kinaimaliza.

Ndiyo maana mita 30 moja kwa moja, kisha kichuguu.

Nikampa kingine, Aviar, ambacho kimetengenezwa kwa kutumbukiza kikapuni kutoka karibu: 2, 3, 0, 1. Ukingo mnene, pua butu, hakuna sifa. Alikirusha kwa mkono uleule na hasira ileile. Kilikwenda karibu umbali uleule wa kile cha kwanza, ila kikatua katikati ya njia. Hakusema kitu. Aliangalia kisahani, akaniangalia mimi, na nikajua anatafuta namna ya kutokunipa ushindi.

Mtu anayeanza aanze na visahani vya kasi kati ya 2 na 6. Leopard, kwa mfano, ina 6, 5, -2, 1: inadai kidogo na inaelea. Akifikisha mita 70 au 80 bila kujikaza ndipo aongeze. Rekodi ya dunia ni mita 338, aliyoiweka David Wiggins Mdogo mwaka 2016 katika jangwa la Nevada, upepo ukimsaidia. Namba hiyo ni nzuri kuijua, haina kazi yoyote kwenye shamba la baba mdogo. Kikapu chetu cha mbali zaidi kiko mita 96.

Kabla ya upepo niseme juu ya pua, maana ni kosa la pili kwa wingi. Mtu anataka kisahani kipande, basi anakirusha pua juu. Kinapanda kweli, kinasimama angani, kinaanguka kama jani la mwembe, tena kushoto. Hapa huwaambia watu wafikirie wamebeba sahani ya bukari, yaani ugali, yenye mchuzi na wanaivuta kutoka kifuani kwenda mbele: mchuzi usimwagike. Ukitaka kiinamie kushoto au kulia tangu mwanzo, inamisha mwili wote kuanzia kiunoni. Ukigeuza kiganja peke yake, umemwaga.

Upepo ndio unaowachanganya hata waliokwisha kuelewa hayo yote. Karibu kila mtu hudhani upepo ukikuvumia usoni unapunguza kasi ya kisahani, kwa hiyo kitachoka mapema na kukunja kushoto. Kinyume chake ndicho hutokea. Kisahani hakioni ardhi, kinaonja hewa tu. Ukirusha kilomita 60 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20, kwa kisahani hiyo ni hewa ya kilomita 80. Kinajiona kina mbio kuliko ulivyokusudia, kwa hiyo kinalala kulia, na kikizidi kinapinduka kabisa na kubiringika vichakani. Upepo ukiwa mgongoni, kisahani kinaonja hewa ya kilomita 40 tu. Kinachoka upesi na kuzama kushoto. Kiangazi, kuanzia Mei, upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki. Kikapu cha nne tunakirushia usoni mwa upepo huo, cha saba tunaupa mgongo. Shemeji yuleyule, kisahani kilekile, siku ileile, anaweza kwenda kulia huku na kushoto kule, na mkono wake hauna kosa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya huko ambako viwanja viko karibu na usawa wa bahari havisisitizi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi inabeba kidogo na inageuza kidogo, kwa hiyo ile kona ya kulia inakuwa ngumu kuipata na ile ya kushoto inawahi. Binamu aliporudi kutoka Ufini alirusha kisahani alichokizoea, ambacho kule kilikuwa kinakwenda kulia taratibu na kurudi katikati. Hapa kikanyooka tu, kisha kikaenda kushoto. Wiki nzima alidhani ameota kutu. Tukampa kisahani chenye namba ya tatu iliyozidi kwa moja upande wa hasi, akarudi kuwa yeye. Goma na Bukavu, zilizo juu zaidi ya mita 1,400, wachezaji wake wangelazimika kuongeza kipimo hicho zaidi.

Sasa twende kwenye kikapu cha nne, maana ndicho kimetufundisha karibu kila kitu.

Kiko mita 74. Kushoto mwa njia, kwenye mita ya 40, kuna kichuguu. Nikisema kichuguu kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma, asifikirie kilima cha kufika gotini. Vya Katanga ya juu ni milima ya mchwa inayofika mita 5 na kupita, na kitako chake kinaweza kumeza nyumba ya vyumba viwili. Miti inaota juu yake. Watu wanauchimba udongo wake wafyatue matofali, na nyumba nyingi za mji huu zimetoka humo. Kulia mwa njia kuna mwembe mmoja mkubwa. Kikapu kiko nyuma ya kichuguu, kimejificha nusu.

Ukirusha moja kwa moja kuelekea kikapu, unagonga kichuguu. Ukirusha kati ya kichuguu na mwembe kwa kisahani kinachonyooka, unakipita kikapu kwa kulia na kubaki na mita 20. Kinachotakiwa ni kuelekeza kisahani kwenye mwembe, yaani mahali usipotaka kabisa kiende, na kukiamini. Kitakwenda kwa mwembe, kitachoka kabla ya matawi, kitarudi kushoto nyuma ya kichuguu. Hapo tabia iliyomtesa shemeji inageuka kuwa chombo cha kazi. Anayejua kisahani chake kitachokea wapi ndiye anayejua aelekeze wapi.

Kikapu hicho kiwango chake ni 3: mrusho wa kufika karibu, wa kusogeza, wa kutumbukiza. Ukimaliza kwa 2 umepata moja chini ya kiwango, kwa 4 moja juu, na mwisho wa mzunguko unajumlisha. Mwenye jumla ndogo ameshinda. Aliyefanya vizuri kwenye kikapu kilichopita ndiye anayeanza. Baada ya hapo, aliye mbali zaidi na kikapu anarusha kwanza. Unazo sekunde 30 tangu zamu yako ianze na njia iwe wazi. Kisahani kikipotea mnatafuta pamoja dakika 3, kisipopatikana unaongezewa mrusho mmoja na kurudi uliporushia. Kiangazi nyasi zimeungua, vinaonekana. Januari ni maombolezo. Na tafadhali usinunue kisahani chekundu kwa kucheza kwenye udongo wa Lubumbashi, nilinunua kimoja.

Mahali kisahani kilipotua unapaweka alama kwa kisahani kidogo, na mguu wako lazima ukanyage ndani ya mstatili wa sentimita 20 kwa 30 nyuma ya alama hiyo. Ukiwa nje ya mita 10 kutoka kikapuni unaweza kuvuka mbele baada ya kuachia. Ukiwa ndani ya mita 10 huruhusiwi: lazima utulie kwanza, uonyeshe hujaanguka mbele, ndipo usogee. Wagumu wa hoja hubishia sheria hii. Bila yenyewe, kila mtu angerukia kikapu kama anayeweka mpira wa kikapu.

Nusu ya mabishano yetu yanatoka kwenye kile kichuguu. Siku moja kisahani cha binamu kilitulia kimekiegemea kichuguu upande wa kikapu. Nyuma ya alama yake hapakuwa na pa kukanyaga, ni ukuta wa udongo. Akataka kusogea pembeni. Sheria haimruhusu. Inasema kizuizi kikubwa kigumu kikikuzuia kusimama nyuma ya alama, simama nyuma ya kizuizi chenyewe, kwenye mstari uleule unaotoka kikapuni kupitia alama. Kwa hiyo alilazimika kuzunguka mlima mzima na kusimama upande wa pili, bila kuona kikapu. Alirusha juu kwa juu. Sisemi kilitua wapi.

Siku nyingine kisahani cha shemeji kilibaki juu kabisa ya kichuguu. Je, anashusha alama chini au anapanda? Kisahani kilichonasa mtini kinawekewa alama chini yake, hilo linajulikana. Lakini sheria inasema pa kuchezea ni uso wowote unaoweza kukubeba na ambapo mtu wa kawaida anaweza kusimama. Kilele cha kichuguu kile kina upana wa mkeka. Tukapiga kura, wengi wakasema apande. Akapanda kwa kushika mizizi, akasimama kule na anga lote nyuma yake, akatazama kikapu kutoka juu na kusema kwamba sasa anaelewa kwa nini watu wanagombea uongozi.

Siafu ni jambo jingine. Ukikuta kisahani chako kimelala kwenye msafara wao, sheria inakutetea: wadudu na wanyama wenye madhara ni sababu halali ya kurudi nyuma kwenye mstari wako, mbali zaidi na kikapu, bila adhabu. Mchwa hawamo humo. Tulijaribu kuwaombea, binamu akakataa.

Kuna pia mpaka. Mashariki ya njia ni matembele ya mama mdogo, na huko ni nje ya uwanja: unaongezewa mrusho mmoja na kuchezea ndani, si zaidi ya mita moja kutoka pale kisahani kilipovukia mpaka. Kitabu cha PDGA hakikuchora mstari huo. Aliuchora mama mdogo kwa jembe, na rufaa hakuna.

Juu ya kikapu nitasema machache, ingawa kilitugharimu kuliko vyote. Tulimpelekea fundi wa kuchomelea picha kwenye simu. Alitumia bomba la maji kwa nguzo, rimu ya baiskeli kwa juu, nondo nyembamba kwa kikapu, na mnyororo aliokuwa nao. Kazi ilikuwa safi kwa macho. Ila aliivuta minyororo ikakaza kama kamba za gitaa, kwa kuwa aliona ikilegea itaonekana kazi ya ovyo. Kila kisahani kilichogonga katikati kilirudishwa nje. Minyororo haipo kwa urembo: inatakiwa ilegee, isogee, imeze ile nguvu ya kisahani ili kidondoke chini kikiwa kimekufa. Tulirudi tukamwomba ailegeze kwa kiganja kimoja. Alifanya huku akitikisa kichwa, akasema tusimwambie mtu ni kazi yake.

Na kisahani kikitulia juu ya ile rimu, bila kushuka kwenye minyororo wala kikapuni, hakihesabiki. Unarusha tena.

Jumapili iliyopita shemeji alifika kwenye cha nne akiwa na ile Leopard. Upepo ulikuwa umelala. Alisimama muda mrefu akiutazama mwembe, sekunde zake 30 zikimalizika, nami nikanyamaza. Akainamisha kiuno kidogo, akarusha kulia kabisa, ungesema anawatafutia watoto maembe. Kisahani kikaelea, kikafika kwenye matawi ya kwanza, kikasita, kikalala kushoto na kupotea nyuma ya kichuguu. Tukazunguka. Kilikuwa mita nne kutoka kikapuni.

Alichukua Aviar, akaweka alama, akatulia, akarusha. Kisahani kikapanda mno, kikagonga rimu ya baiskeli, kikazunguka mara mbili na kutulia juu yake.

Binamu alikuwa tayari ameshaandika 3.